Kutu haizibwi kwa lipu: mwongozo wa kukagua na kuimarisha zege kuukuu Unguja na Pemba

Wiki moja kabla ya Sikukuu, bibi mmoja wa Kikwajuni aliniita. Usiku wake kipande cha zege ukubwa wa sahani kilikuwa kimedondoka kutoka chini ya roshani na kuvunja kiti cha plastiki. "Mwanangu, nizibie kwa lipu tu, upige na chokaa. Wageni wanakuja." Nikamjibu, "Bibi, nikiziba leo, mwakani kitaanguka kikubwa kuliko hiki." Hakufurahi. Nilisimamisha miti miwili chini ya roshani, nikamwomba asimkalishe mtu pale, nikarudi baada ya Sikukuu na nyundo, tindo na daftari.

Nayaandika haya kwa wenye nyumba za ghorofa, kamati za misikiti, walimu wakuu wa skuli kongwe na mafundi wenzangu. Kuangalia, kugonga, kupima na kuandika unaweza mwenyewe. Hesabu za mzigo, na uamuzi wa kubomoa au kuvisha nguzo koti la zege, ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa. Ukimwita ukiwa na daftari la mwaka mzima mkononi, atakuheshimu na kazi yake itakwenda upesi.

Ugonjwa wenyewe

Zege jipya lina alkali kali, pH ya 12 hadi 13. Alkali hiyo huivisha nondo, vyuma vilivyomo ndani ya zege, utando mwembamba usioonekana kwa macho, na madhali utando upo nondo haishiki kutu. Wanaouvua utando huo ni wawili.

Wa kwanza ni hewa ya ukaa. Huingia taratibu kutoka nje kwenda ndani na kuua alkali, na kadiri inavyozama ndivyo mwendo wake unavyopungua. Ikiwa imeingia milimita 20 katika miaka 25, itafika milimita 40 baada ya miaka 100. Kwa hiyo nondo iliyofunikwa milimita 40 za zege zuri ina maisha marefu, na ile iliyofunikwa milimita 10 kwa sababu fundi hakuweka biskuti (vitofali vidogo vya kuinulia nondo) chini yake imeshahukumiwa tangu siku ya kumwaga.

Wa pili ni chumvi, na kwetu sisi watu wa visiwani huyu ndiye mkubwa. Upepo wa kusi unapovuma huko Paje, Jambiani na Makunduchi, hurusha chembe za maji ya bahari hadi kwenye kuta. Hiyo ni chumvi ya nje. Nyingine tuliitia wenyewe: mchanga wa pwani usiooshwa, na maji ya kisima yenye ladha ya magadi. Chumvi haisubiri alkali imalizike. Huutoboa utando na kuila nondo mahali pamoja kama nondo wa nguo anavyotoboa kanga, kwa hiyo unaweza kukuta nondo nzima inang'aa ila sehemu moja imebaki unene wa msumari.

Kutu huchukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma kilicholiwa. Zege lina nguvu likikandamizwa lakini ni dhaifu likivutwa, basi linapasuka. Kwa maana hiyo, ule ufa unaofuata mstari wa nondo ni matokeo ya kutu iliyoanza zamani. Ukiuziba kwa lipu umemfunika mgonjwa shuka.

Majengo mengi ya zege yanayotuzunguka yamefika umri huu. Nyumba za maendeleo za Kikwajuni zilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, zile ndefu za Michenzani zikafuata miaka ya 1970, na Pemba zipo Wete, Chake Chake na Mkoani. Nusu karne imeshapita au inapita. Lakini nisiwasingizie wazee. Zege bovu kabisa nililowahi kugonga lilikuwa la nyumba ya miaka kumi na miwili, imejengwa hatua hamsini kutoka ufukweni.

Anza na daftari

Chora ramani ya kila ghorofa, hata kwa mkono. Zipe namba nguzo, bimu na vyumba. Kisha zunguka mara mbili kwa mwaka: Februari kabla ya masika, na Juni mvua zikishakwisha. Kila ufa, doa la kutu, doa la maji na kipande kilichobanduka uandike mahali pake pamoja na tarehe. Piga picha, na uweke rula ndani ya picha, maana picha ya ufa bila kipimo haisemi kitu.

Upana wa ufa hupimwa kwa kadi yenye mistari ya unene tofauti, na ukiikosa tumia visu vyembamba vya kupimia ambavyo makanika hutumia kwenye plagi. Ufa chini ya milimita 0.3 ambao hauna doa la kutu wala haukui, uandike tu uendelee na shughuli zako. Ukizidi hapo, au ukitoa maji ya rangi ya chai, uwekee shahidi.

Shahidi wa kale ni kipande cha kioo chembamba kilichogandishwa kwa jasi pande zote mbili za ufa: kioo kikikatika, ufa umetembea. Kasoro yake ni kwamba hakikuambii umetembea kiasi gani. Mimi napenda skrubu tatu ndogo zilizogandishwa kwa epoksi kwa umbo la pembetatu, mbili upande mmoja wa ufa na moja upande wa pili. Pima umbali baina yao kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na umbali mdogo, kila mwezi, uandike hadi sehemu ya kumi ya milimita. Pima saa ile ile, ikiwezekana asubuhi, kwa sababu zege la juu likipigwa na jua la mchana hutanuka na ufa hubadilika. Fundi mmoja kijana alinipigia simu kwa hofu kwamba ufa umepungua nusu milimita "peke yake". Alikuwa amepima mara ya kwanza alfajiri na ya pili saa nane mchana.

Mwaka mmoja ndio muda wa chini. Ufa unaofunguka na kufunga kwa msimu ni wa joto na unyevu. Ule unaofunguka kila mwezi bila kurudi ndio wa kumpelekea mhandisi.

Upande ambao ufa umelala nao una maana. Ulionyooka sambamba na nondo, ni kutu. Uliosimama wima katikati ya bimu kwa chini, bimu inapinda kwa mzigo. Ukiwa mwembamba ni kawaida. Ulio mshazari karibu na mahali bimu inapokalia nguzo, huo usiulalie: bimu inakatika, na bimu ikikatika hapo haitoi onyo la pili. Mshazari kwenye ukuta wa matofali kuanzia pembe ya dirisha mara nyingi ni msingi unaozama upande mmoja. Na ufa wa wima kwenye nguzo, hasa ukiona nondo zinatunisha zege kwa nje, ni wa kuhamisha watu kwanza na kuuliza baadaye.

Gonga kama unavyogonga fenesi

Muuza mafenesi hugonga na kusikiliza, na zege linafuata desturi hiyo hiyo. Chukua nyundo ya gramu mia mbili hadi mia tano, gonga kila nusu hatua. Zege zima linalia kwa sauti kali ya chuma na nyundo inaruka mkononi. Lililoachana na nondo kwa ndani linatoa sauti nzito ya uwazi. Zungushia kila sehemu inayolia hivyo kwa chaki, kisha uihamishe kwenye ramani. Vaa miwani na kofia ngumu, na usisimame chini ya pale unapogonga. Utashangaa: penye ufa mmoja unaoonekana, chaki mara nyingi huzunguka eneo mara tatu au nne ya ule ufa.

Vipimo vya ndani

Kipimo cha alkali ni rahisi. Fenolfthalini, asilimia moja katika spiriti, ni dawa ileile ya maabara za skuli. Vunja zege upate uso mpya, pulizia vumbi litoke, nyunyiza. Penye alkali panageuka waridi, palipokufa panabaki bila rangi. Pima kwa rula kina cha sehemu isiyo na rangi, halafu pima nondo iko kina gani. Rangi ikianza kabla ya kuifikia nondo, alkali bado ipo. Ikiwa nondo imelala upande usio na rangi, kinga imekwisha hata kama bado hujaona ufa. Usinyunyize juu ya uso uliokatwa kwa mashine ukabaki na vumbi, maana vumbi la ndani litapaka waridi kila mahali likudanganye.

Chumvi haionekani kwa dawa hiyo, na hapa ndipo mafundi wengi wa pwani wanapokosea: wanaona waridi, wanafurahi, kumbe kloraidi, yaani ile chumvi, imeshafika kwenye nondo. Toboa kwa dirili, kusanya unga wa milimita 0 hadi 10, kisha 10 hadi 20, 20 hadi 30 na kuendelea, kila unga mfuko wake, upeleke maabara. Kloraidi ikifika kiasi cha asilimia 0.4 ya uzito wa saruji kwenye kina cha nondo, hatari ya kutu ni ya kweli. Tena kwa mpangilio huo utajua chumvi imetoka wapi. Ikiwa nyingi nje na kupungua ndani, ni ya upepo. Ikiwa sawa kina chote, iliingia na mchanga au maji, na kulipaka zege rangi ya kuzuia maji hakutaitoa.

Nyundo ya Schmidt, ile ya springi, hupima ugumu wa uso. Ni nzuri kwa kulinganisha nguzo na nguzo. Kwa zege kuukuu husoma juu kuliko ukweli, kwa sababu uso uliopoteza alkali huwa mgumu zaidi. Na kokoto zetu za mawe ya matumbawe si zile zilizotumika kuchora jedwali lake la kukadiria nguvu. Ukitaka nguvu halisi, chonga vipande vya duara vyenye kipenyo cha milimita 100, angalau vitatu kwa sehemu moja, baada ya kutafuta nondo kwa kifaa cha sumaku ili usizikate. Mhandisi akiwa na kipimo cha milivolti chenye ncha ya shaba katika salfeti ya shaba, namba iliyo hasi kuliko 350 humaanisha uwezekano wa kutu inayotembea ni zaidi ya asilimia 90. Isiyofika hasi 200, ni chini ya asilimia 10.

Kabla ya saruji, maji na mizigo

Panda juu. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, na likikalia eneo la mita moja na robo za mraba, linaikandamiza slabu kwa kilo 1,600 kila mita. Slabu ya nyumba ya kawaida huhesabiwa kubeba watu na vitu vya kilo 150 hadi 200 kwa mita. Nimeona matangi matatu yamepangwa katikati ya chumba, kwa sababu hapo ndipo bomba lilipofika. Hamishia juu ya nguzo au ukuta unaoshuka hadi chini, au ulishushe kabisa uwanjani.

Kisha fuata maji. Bomba la choo linalovuja ghorofa ya tatu huozesha bimu ya ghorofa ya pili. Mtaro wa paa uliozibwa na majani ya mwembe hufanya bwawa. Kutu haiendi bila unyevu, kwa hiyo kuziba bomba la shilingi elfu ishirini kunaweza kukuongezea miaka kuliko mifuko kumi ya saruji.

Miti kwanza, tindo baadaye

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, na watu wawili walifariki. Jumba lile ni la mawe na chokaa zaidi kuliko zege, lakini kwa fundi lina somo lake: jengo kuukuu liko hatarini zaidi siku unayoligusa.

Kabla ya kuvunja chochote kwenye bimu au nguzo, egemeza. Miti ya mvinje iliyonyooka inafaa kwa kazi ndogo, vyuma vya kurefusha kwa kazi kubwa. Weka ubao mpana juu na chini, kaza kwa kabari. Mti uliosimama juu ya slabu umehamishia mzigo kwenye slabu hiyo, basi na yenyewe iegemezwe, ghorofa kwa ghorofa, mpaka ardhini. Usivunje nguzo pande zote nne kwa mpigo. Na kama uko Mji Mkongwe, pata kibali cha mamlaka ya uhifadhi kabla hujagusa hata lipu.

Kukarabati palipooza

Kata ukingo wa eneo lililochorwa chaki kwa mashine, wima, kina cha milimita 10, umbo la mraba. Ukingo uliochongoka kama ukingo wa chapati hubanduka. Chimba kwa tindo hadi upite nyuma ya nondo milimita 20 au 25, vidole vizunguke. Hapa ndipo uvivu unapoingia. Ukiacha nyuma ya nondo na zege lenye chumvi, umepaka mafuta juu ya kidonda. Endelea kufuata nondo hadi uone chuma safi kwa milimita 50 zaidi.

Safisha kwa brashi ya waya, na kwa mashine ya kurusha mchanga ukiweza. Penye vishimo vya chumvi, osha kwa maji safi yenye nguvu, mara nyingi. Halafu pima nondo kwa kalipa. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10 imepoteza karibu asilimia 31 ya eneo lake, ingawa kwa jicho unaiona ile ile. Ikipoteza zaidi ya robo, funga nondo nyingine pembeni, ikipita kila upande wa sehemu iliyoliwa mara 40 hadi 50 ya kipenyo chake. Kwa milimita 12 ni sentimita 48 hadi 60.

Kuna kisa kinachowachanganya wengi: unakarabati vizuri, na baada ya miaka miwili kutu inatokea ubavuni mwa kiraka. Sababu ni kwamba zamani ile nondo iliyokuwa ikiliwa ilikuwa ikiikinga jirani yake, kama kafara. Umeiponya, sasa zamu ya jirani. Mabaharia wanalijua hili, ndiyo maana chini ya boti hufungwa vipande vya zinki viliwe badala ya chuma. Vipo vipande vya zinki vya kufunga kwenye nondo pembezoni mwa kiraka, na kwa nyumba ya ufukweni navipendekeza bila kusita. Ukivikosa, panua uchimbaji hadi kwenye zege lisilo na chumvi.

Mchanganyiko wa kiraka uwe wa mota maalumu ya kukarabatia (mchanganyiko wa saruji uliotayarishwa kiwandani), au saruji moja kwa mchanga mbili na nusu hadi tatu. Mchanga usiwe wa pwani. Fundi ataonja kwa ulimi, na ukiwa na chumvi ya kusikika utupwe. Ulimi usiposikia kitu si hoja: suuza mchanga kwa maji safi, tia maji hayo tone la nitrati ya fedha, yakigeuka meupe kama maziwa chumvi ipo. Maji ya kuchanganyia yawe ya mfereji au ya mvua. Kwa mfuko wa kilo 50 usizidishe lita 22, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Lowanisha zege kuukuu tangu usiku, lisiwe na maji yaliyotuama, sugua rojo ya saruji, na kabla haijakauka shindilia kiraka. Rudisha milimita 40 hadi 50 juu ya nondo ukiwa karibu na bahari. Kisha magunia yaliyolowana siku saba. Upepo wa kaskazi hukausha kiraka kwa saa chache, na kiraka kilichokaushwa kinapasuka kabla hujalipwa.

Koti la nguzo

Nguzo iliyopungukiwa huvishwa koti la zege. Ya sentimita 25 kwa 25 ukiivisha sentimita 10 kila upande inakuwa 45 kwa 45, kwa hiyo fikiria mlango na ngazi mapema. Chokoa uso wa zamani uwe na mikwaruzo ya milimita 5 au 6, nondo za wima zipite kwenye slabu kwa matundu na zizame kwenye msingi kwa epoksi, ringi zinazozizunguka nondo hizo zifungwe kamili. Tumia kokoto ndogo za milimita 10, uwiano wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), na ulitetemeshe zege. Nondo zikiishia sakafuni, koti ni pambo.

Jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: koti halibebi mzigo uliokuwepo kabla yake. Nguzo ya zamani inaendelea na mzigo wake, koti linachukua wa nyongeza tu. Ukitaka koti ligawane mzigo na nguzo, inua mzigo kwa jeki na miti kabla ya kumwaga, uushushe zege likishapata nguvu, si chini ya siku 28. Na msingi nao umeongezewa uzito, basi ufukuliwe uangaliwe.

Badala ya koti, bamba za chuma hufanya kazi haraka, ila kwa hewa yetu zinadai rangi kila baada ya miaka michache. Kitambaa cha faiba ya kaboni ni chepesi na hakili nafasi, lakini kukigandisha juu ya zege ambalo kutu inaendelea ndani yake ni lipu ya bei ghali, tena gundi yake haipendi moto.

Kazi ikishakwisha, andika tarehe kwa penseli kwenye kona ya kila kiraka na uendelee na daftari. Gonga tena baada ya masika ya kwanza, hasa pembezoni. Roshani ya bibi wa Kikwajuni ilikula mifuko minne, nondo sita na siku kumi na moja. Kila nikipita mtaani kwake naomba kufunguliwa, nagonga kwa kipini cha mwavuli, naye hunichungulia dirishani: "Vipi mwanangu, inaitika?"